Pilau ya Mlimani

Jumapili. Mwaka wa pili tangu nitoke Tabora, na leo miguu imekoma.

Msimamizi wetu wa shamba la mkonge alikuwa amenikatalia ruhusa ya kwenda kumwoza binti yangu. Leo klabu ya msimamizi huyo ya kupanda milima ilitimiza miaka kumi, nikawabebea pilau. Walifika kileleni hoi, vitambi mbele.

Yeye Mbondei, mimi Mnyamwezi: watani tangu mababu. Nikalikalia sufuria.

"Inuka, mpagazi wangu!"

"Siinuki, mtani. Ruhusa kwanza, au mle mawe."

Wenzake wakacheka, kisha njaa ikawauma, wakamgeukia yeye. Mtani hakasirikiwi mbele za watu.

"Nenda, bwana! Funua!"

Nachelea kesho atageuka. Jumanne nitakuwa nyumbani. Naondoka na basi la alfajiri, kabla shibe haijamtoka.