Bata Walipokufa, Ulinitazama Mimi

Mwaitu, mama mkwe wangu mpendwa,

Tangu tukuzike, nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo kila nikifagia uwanja. Leo nimeamua kuandika, maana kuna jambo hatukulimaliza.

Unakumbuka ule mwaka redio ilipokuwa ikitangaza homa ya ndege kila jioni? Mwanao Mutinda alikuwa amenioa juzijuzi tu, mimi mgeni kutoka Bungoma, kibarua wa kiwandani Athi River. Kila Jumamosi nilikuletea chakula cha bata. Kijiji kizima cha Kinanie kilijua unavyowapenda wale bata. Kisha wakaanza kufa: vifaranga kwanza, shingo zimepinda, halafu wakubwa wawili. Ulimgeuza mmoja kwa fimbo, ukainua macho, ukanitazama mimi.

"Hii chakula ulitoa wapi?"

"Dukani, mwaitu. Pale pa siku zote."

"Duka haina shida na mimi," ulisema.

Tangu hapo hukula tena kitu kilichopita mikononi mwangu. Nikipika isyo, yale mahindi na maharagwe yenu, nawe unainjika sufuria yako. Siku moja ulimwambia Mutinda kwa Kikamba kwamba anayeanza na bata atamaliza na watu. Ulidhani sisikii. Nilikuwa nimeshaijua lugha yenu kiasi cha kuumia. Mutinda alicheka, lakini asubuhi iliyofuata alishika kikombe chake bila kunywa, akasubiri nionje changu kwanza. Hilo ndilo lililonifanya nianze kukunja nguo zangu nirudi kwetu.

Sijui ningefika wapi kama daktari wa mifugo, aliyekuwa akizunguka vijijini kwa ajili ya ile homa, hangekuja. Alivaa glavu na kitambaa puani, akawashika bata waliobaki mmoja mmoja, akawapangusa koo na matako kwa vijiti vya pamba.

"Ugonjwa gani huo unatafutwa matakoni?" uliuliza, kisha ukaninong'oneza, "Unamjua huyu?"

"Simjui, mwaitu."

Hukuniamini. Ulimfuata hadi kwa gari, ukihesabu vichupa alivyotia vile vijiti kama mtu anayeibiwa.

Aliporudi baada ya majuma kadhaa, tulikaa naye nje, Mutinda katikati yetu. Alisema si ile homa ya kuua watu. Ni mafua mengine ya ndege, ambayo bata mzima huyabeba bila kuumwa, lakini wetu walikuwa na minyoo na vifaranga walikuwa wachanga mno. Maabara walikuwa wamesoma vinasaba vya kile kirusi, wakakuta kinafanana sana na vile vinavyopatikana kwa bata wa porini, wale wanaokuja kutoka Ulaya kukiwa na baridi huko. Labda waliogelea bwawa moja na wetu.

Ulisogeza kiti chako karibu naye. "Kumbe ugonjwa nayo iko na mbai? Iko na ukoo wake?"

"Iko nao, mama. Na huo ukoo hautoki kwa chakula."

"Na huyu?" Ulininyooshea kidole mbele yake.

"Huyu hana hatia."

Hukusema pole. Uliingia ndani, ukatoka na gumboti zako na zangu, ukanitupia zangu miguuni. "Twende."

Tulisimama kwenye ukingo wa bwawa, bega kwa bega. Ndege walikuwa wengi, wakijisafisha mbawa bila wasiwasi. Ulikunja uso, ukawachunguza kama ulivyonichunguza mimi miezi yote ile.

"Unaona ule wa kichwa kahawia? Mimi simwamini."

"Hata mimi, mwaitu," nikasema. Ukaokota mawe mawili, moja ukanipa mimi.

Miaka ikapita tukiishi vizuri. Uliwapokea wanangu kwa mikono yako. Lakini mpaka leo nina shaka moja, nami nakuuliza kwa kuwa huwezi kukasirika: je, ulimwamini kweli yule daktari na vinasaba vyake? Au ulichoka tu kunichukia, ukatafuta wa kumchukia badala yangu? Nilikuchunguza miaka yote hiyo, usoni mwako sikupata jibu. Labda nami nimerithi macho yako.

Mutinda anasema niache, kwamba mtu akikupenda usimuulize alianzaje. Najaribu, mwaitu. Najaribu.

Lala salama. Kaburi lako nalipalilia mwenyewe, simwachii mtu.

Mke wa mwanao,
Nekesa