Mama, Chai Ile Ilikuja na Moshi Wake

Mama yangu mkwe,

Shikamoo. Wifi yangu Mwanasiti atakusomea barua hii, kwa sababu miwani yako uliisahau hapa Munje, juu ya kabati la vyombo. Mwambie asome yote bila kuruka, hata pale atakapotaka kucheka. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mjukuu wako, somo yako, ameota jino la pili, na ameniuma begani ili nisadiki.

Hii ni wiki ya tatu tangu ubebe mkoba wako ukaenda Shimoni kwa sababu ya kikombe cha chai. Watu wakiniuliza uko wapi, nasema umekwenda kumwona binti yako. Si uongo, unamwona kweli. Lakini nyumba imepwaya, Mama, na mimi nimechoka.

Unaikumbuka chai yangu ya kwanza kwako? Nilikuwa bi harusi wa siku nane, hina haijafifia mikononi. Ulinipa sufuria na makumbi ya nazi ya kuwashia moto, ukaenda kuketi sebuleni na wanawake saba waliokuja kunionja mimi pamoja na chai. Ukapiga funda moja, ukakiweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeweka yai, ukasema, "Imeingia moshi." Basi. Hukugomba. Ulitoka ukaimwaga kwenye mgomba, na mgomba ule ulipochelewa kuzaa ukasema unajua sababu.

Mimi nikaapa kwamba makumbi yalikuwa mabichi. Tangu siku ile, miaka minne, kila mgeni umemwambia, "Huyu ndiye mkaza mwanangu. Mtoto mzuri, ana heshima, anapika wali ukasimama. Ila kwenye chai mwangalie."

Kwa hiyo Hamisi aliporudi na lile kopo jekundu kutoka hotelini Diani, nililipokea kama mtu aliyeletewa shahidi. Alikuwa amempikia samaki wa kupaka mama mmoja wa Kichina, na yule mama akafurahi mpaka akampa chai aliyokuja nayo kutoka kwao. Hamisi aliniambia tu, "Chai nzuri hii." Mwanao hutoa habari kama anayetia chumvi chakula cha mgonjwa.

Nikasema moyoni, hii ndiyo itakayonisafisha uso. Nikaingoja siku utakayotoka darasa la dini na Bi Riziki, shoga yako. Nikapikia gesi, Mama, kusudi pasiwe hata na harufu ya ukuni. Nikatia maziwa, iliki na tangawizi, nikaichemsha ikapanda mara tatu. Sikuionja, kwa sababu somo yako alikuwa analia na mkono wangu mmoja ulikuwa wake.

Ukapiga funda. Ukakiweka kikombe chini kama yai.

"Imeingia moshi."

"Mama, nimepikia gesi."

"Basi gesi yako ina kuni."

Bi Riziki akanusa kikombe chake. "Mwanangu, humu hamkukaushwa papa?"

"Hapana, Bi Riziki. Ni chai ya Kichina."

"Kumbe na Wachina hawafuniki sufuria," ukasema.

Hapo nikacheka. Kosa langu ni hilo, na naliombea radhi. Sikukucheka wewe. Nilikuwa sijalala siku mbili kwa homa ya mtoto, na kicheko kilinitoka kama chafya, kikakataa kurudi ndani. Wewe ukadhani nimetafuta duniani kote chai yenye moshi ili nikulipize mbele ya shoga yako. Asubuhi mkoba ulikuwa mlangoni. "Nakwenda kwa mtu anayefunika sufuria," ukasema, na Hamisi, kwa ushujaa wake, akajifungia chooni.

Alipotoka nilimtuma akaulize. Mgeni wake akamweleza kwamba kwao majani yale hukaushwa juu ya moshi wa misonobari, kwa makusudi, na watu huyatafuta kwa sababu ya moshi huo. Hayatiwi maziwa wala iliki wala hayachemshwi. Humiminiwa maji ya moto, yakafunikwa kidogo, yakanywewa hivyo hivyo.

Nikajaribu saa nne asubuhi, mtoto alipopitiwa na usingizi. Funda la kwanza ni kama kulamba figa. La pili, moshi unasogea kando na utamu unatokea nyuma yake, kama zabibu kavu. Ukishameza, koo linabaki linanukia kama kanga iliyotoka kufukizwa udi. Sasa nakunywa kila siku. Katika siku yangu nzima, ni kitu pekee ninachokimaliza kingali cha moto.

Na hapo nikautazama mtungi wako pale pembeni. Mama, wewe hunywi maji ya mtungi usiofukizwa ubani. Unasema hayana ladha, ni kama maji ya mvua ya bati. Sasa Wachina wamekosa nini? Upo moshi unaojiingilia wenyewe, na upo moshi ulioalikwa. Huu ulialikwa.

Ule mwingine, nitakuambia leo, ulijiingilia. Makumbi hayakuwa mabichi. Nilisahau kufunika sufuria kwa sababu nilikuwa nachungulia dirishani, namtazama mwanao akichana nywele. Ulisema kweli tangu siku ile, nami nikakubishia miaka minne. Nisamehe. Chai ya kwanza ni kosa langu. Ya pili si kosa langu, na hilo nataka umwambie Bi Riziki kwa kinywa chako.

Jambo jingine. Juzi nilifungua kopo nikakuta majani yamefika nusu, upesi kuliko ninavyokunywa. Nilimshuku Hamisi, akaapa. Kisha nikaona kalenda ya ukutani imechanwa ukurasa mmoja. Siku hiyo hiyo Mwanasiti akanipigia simu, ana wasiwasi: kila alasiri unajifungia jikoni kwake, panatoka harufu ya moshi, akikuuliza unasema ni dawa ya kifua.

Miwani uliisahau, Mama. Majani ya chai hukuyasahau.

Sikukasirika. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Lakini ukurasa mmoja wa kalenda haubebi majani mengi, na nusu iliyobaki iko hapa, juu ya rafu ambayo mimi peke yangu naifikia. Ukirudi tutakunywa pamoja saa nne, mimi na wewe, na utamshika somo yako ninywe kwa mikono miwili. Ila usimchovyee kidole umlambishe. Nilikukataza chai ya maziwa, na hii pia nakukataza.

Hamisi atakuja kukuchukua Ijumaa baada ya swala. Usimtume arudi peke yake.

Wako anayekungoja,
mkaza mwanao, mama wa somo yako.

Sufuria nimeifunika.