Unga wa Kukaanga

4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafasi ya kupumua, na mwanangu Kifungo hajambo. Mimi ni mzima, tena mzima kwelikweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na ndiyo maana nakuandikia mbio mbio hivi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikisinzia juu ya magunia ya unga, mkaniita Mlegevu, na jina likanikaa? Vidonda vya mdomoni, tumbo kujaa upepo, damu pungufu kila nikipimwa. Mwezi uliopita nilianguka hapa kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, katikati ya mashuka ya wodi ya wazazi, na daktari mmoja akakataa kunipa tena vidonge vya kuongeza damu. Alinipitisha mrija kooni akaangalia utumbo. Anasema umeharibika, chakula kinapita tu bila kufyonzwa. Na kinachouharibu, mama, kaa chini kwanza, ni ngano.

Mkate! Mimi niliyezaliwa chumba kilichopakana na tanuri! Nilicheka mpaka daktari akadhani nimepagawa. Akanieleza kwamba kibaya ni kile kitu ndani ya ngano kinachofanya donge livutike bila kukatika. Wewe unakijua kwa vidole. Nimeacha ngano yote, na sasa napanda ngazi bila kushika ukuta.

Lililonitoa machozi ni hili. Aliniuliza kama nina mtoto, kwa sababu haya mambo hutembea kwenye damu ya ukoo. Nikamweleza habari za Kifungo: tumbo kubwa, miguu myembamba, anaharisha kila mara, hakui, na sisi tunasema ni minyoo. Daktari akasema huenda ni ugonjwa huu huu. Mama, nakuomba sana, usimpe tena mkate, wala biskuti, wala kitu chochote cha ngano. Hata kipande cha kumnyamazisha usimpe.

Binti yako,
Mlegevu


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Kifungo anakusalimu sana na anataka ujue kwamba paka wa fundi viatu amezaa, na mmoja ni wake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira. Nimewalisha watu wa mtaa huu tangu wewe hujazaliwa, na sijasikia hata mmoja aliyeuawa na mkate wangu. Nilitaka kuichana. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wangu na masikio yake vilevile, akaniambia, "Sasa mama mikate, utauza sumu au utafunga duka?" Nilimrushia kitambaa cha unga usoni. Hana adabu yule mtu.

Lakini jioni nilipomwogesha Kifungo niliona mbavu zake, na mgongo wake, na lile tumbo mbele. Nikaogopa, mwanangu. Basi nimeacha. Anakula wali, viazi na uji wa mahindi. Trei za mikate zikitoka tanurini anasimama mlangoni analia, ananiambia, "Bibi, hunipendi siku hizi." Maneno hayo yananikata maini. Nyumba nzima inanukia mkate na yeye peke yake ndiye haruhusiwi kuugusa.

Kula vizuri huko, na uache kubeba mizigo mizito.

Mama yako


19 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Barua yako ya mwezi uliopita imefika, na sweta la Kifungo limemfika magotini. Alikataa kulivua siku nzima.

Nianze na mazuri. Daktari wako alisema kweli, na mimi namwomba radhi hukohuko aliko. Kuhara kulikatika. Kifungo alianza kuota kashavu, akawa anakimbia mpaka kwa fundi viatu na kurudi, mpaka nikawa namfokea kama wanavyofokewa watoto wengine. Nilifurahi kumfokea.

Kisha ikaja homa. Ikaondoka, lakini ikaondoka na hamu yake ya kula. Uji wa mahindi anautema, viazi anavisukuma pembeni, anaomba mkate tu. Nilikuwa namwona anarudi nyuma mbele ya macho yangu. Basi nikakaa nikafikiri kama muoka mikate. Ulisema kibaya ni kile kinachovutika. Sasa wewe mwenyewe unajua, unga wa ngano ukikaangwa mpaka ugeuke rangi huwa umekufa. Ukiukanda hauvutiki, ukiutia hamira hauumuki. Nikaukaanga mpaka ukawa wa kahawia, nikakanda kidogo ili kuujaribu, ukamomonyoka mkononi kama mchanga. Hapo nikamkorogea uji.

Laiti ungemwona! Alimaliza bakuli, akalamba kijiko, akaninusa mikono akasema, "Mkate umerudi." Nampa asubuhi na jioni. Neno la daktari wako sijalivunja hata moja, nimelizunguka tu. Hebu niambie kama sina akili.

Mama yako, fundi wa unga


6 Mei

Mama,

Nisamehe, salamu zitafuata. Acha huo uji leo hii, sasa hivi unaposoma.

Nimemkimbilia daktari na barua yako mkononi. Anasema moto hauondoi kitu. Unga wa kukaanga umekufa kwa donge tu, kwa tumbo la mtoto uko hai vilevile. Na akianza tena baada ya kuacha, anaweza kuumia kuliko mwanzo. Hukukosea wewe, mimi ndiye niliyeeleza hovyo. Mpeleke hospitali hata kama anaonekana hajambo. Waambie habari ya ngano, usikubali waseme minyoo.

Naomba ruhusa kazini ya kuja. Mama, tafadhali.

Binti yako


9 Mei

Mwanangu,

Hata kukuuliza hujambo naona haya. Kifungo ametutoka jana mchana.

Kuhara kulirudi, safari hii maji matupu. Nilidhani ni mabaki ya homa. Alivyozidi kulegea ndivyo nilivyozidi kumpa uji, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokubali kumeza. Nilimshika kidevu, nikambembeleza, akajitahidi kwa ajili yangu. Fundi viatu alimbeba begani mpaka zahanati. Walitafuta mshipa wa kumtundikia maji wakaukosa. Alikuwa na sweta lako. Tumemzika nalo.

Bado sijapata majibu ya barua yangu. Nina swali moja, mwanangu, na usinifiche. Ule uji ulikuwa salama, sivyo? Niliujaribu kwa mikono yangu hii. Watu wananiambia nile, nilale, na siwezi. Nikijua kwamba uji haukuhusika, labda nitaweza.

Mama yako


24 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikajikuta nimekaa juu ya mashuka machafu na wenzangu wananiinua. Mtoto wangu. 

Ruhusa nimepewa kuanzia mwezi wa saba, akipatikana wa kunishikia nafasi.

Kuhusu swali lako, nimemuuliza daktari. Uji haukuhusika. Ulifikiri sawa, ngano ikikaangwa inakufa. Ni ile homa iliyommaliza, na ingemmaliza hata kama angekuwa mikononi mwangu. Kula, mama. Lala.

Kuna barua yangu nyingine niliyotuma kabla ya hii, nadhani imekwama njiani. Ikifika usiifungue, itie tu tanurini. Siku hiyo nilikuwa nimeudhiwa kazini, nikaandika upuuzi.

Binti yako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini unapata usingizi kidogo.

Mtu wa posta ameniletea barua zako zote mbili kwa mkono mmoja. Nilianza na ile ya zamani, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Nilipofungua ya pili, inayonikataza, nilikuwa nimeshamaliza ya kwanza.

Sikukukasirikia. Umenidanganya kwa upendo, na najua ulinichukia wakati unaandika hii ya pili, japo ni kwa dakika chache, ukaificha chuki usinitumie. Mimi nisingeweza. Nakwambia kweli, ingekuwa wewe ndiye umemlisha, ningekuandikia maneno ambayo usingeyasahau mpaka kufa.

Fundi viatu ananifariji, ananiambia nilimpenda yule mtoto. Ndiyo, nilimpenda. Nilimpenda kwa kijiko, asubuhi na jioni, na akikataa nilimbembeleza.

Duka lipo wazi. Naoka, maana mikono haina kazi nyingine inayoijua, na watu wanapanga foleni kama kawaida. Ila nyumbani sijawasha jiko. Fundi viatu ananiletea anachopika mkewe.

Ruhusa ikitoka, njoo. Nakungoja, na chumba chako nimekifagia. Lakini njoo na chakula chako, mwanangu, na sufuria yako na sahani yako. Upike mwenyewe, ujipakulie mwenyewe. Nitakaa nawe mezani mpaka umalize. Usiniombe tu nikutilie kitu kwenye sahani.

Mama yako