Beseni la Bluu ni la Kukalia

Baba watoto,

Maji ya moto yako kwenye chupa ya chai. Changanya na ya baridi kwenye beseni la bluu mpaka yawe vuguvugu, ukae humo robo saa. Ukimaliza jikaushe taratibu. Usisugue, hiyo si sufuria.

Papai lipo, maharage yapo. Na maji unywe! Unajinyima maji njiani ili usisimamishe lori, choo kinakuwa kigumu kama tofali, halafu unakisukuma kama unajifungua. Ndiyo yaliyokufikisha hapa.

Asubuhi umenitisha. Mtu mzima unapiga kelele chooni, "Mama watoto, nakufa, watunze wanangu!" Nimevunja komeo, kumbe matone mawili mekundu kwenye karatasi. Nimecheka, ndiyo. Kisha ukasema ni wiki nzima sasa, na dada yako anajua. Hapo kicheko kikanikauka. Dada yako ajue, mimi ninayelala na wewe nisijue?

Huenda ni bawasiri tu, au mchubuko. Lakini damu ikizidi, choo kikiwa cheusi au ukisikia kizunguzungu, usinisubiri. Jirani akupeleke hospitali, nitawakuta huko.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitaomba ruhusa nirudi mchana, twende wote zahanati. Usiniambie unaona haya. Mimi nimezaa watatu mbele ya watu nisiowajua. Wewe utavua suruali mbele ya daktari mmoja, tena nimekushika mkono.

Mama watoto