Kibwagizo Nilichosema ni Changu

Shangazi Mwanakombo,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila sijui kuanza kusema nawe kwa namna nyingine.

Jana tumekusomea hitima ya arobaini hapa Moa. Tatu, binti yako, alipika pilau kama ulivyomfundisha, watu wakala wakabakisha. Leo nimekaa mbele ya cherehani chako, nimeweka karatasi pale ulipokuwa ukiweka kitambaa, naandika mambo niliyopaswa kukwambia ukiwa hai. Uso unaniwaka, na hakuna anayenitazama.

Siku ile nilikuja kukuazima gauni tu. Nilikuwa nimepata nafasi ya kurekodi kwenye studio ya Hamadi, pale mjini Tanga, na Hamadi alitaka wimbo wa kudansi wenye ladha ya disko la zamani: kinanda kinacholia kama vya miaka ile, ngoma za mashine, besi isiyotulia. Nikamwambia shangazi yangu aliimba kwenye bendi ujanani, hakosi nguo ya kupigia picha. Ukafungua sanduku, ukatoa lile gauni la kumetameta lenye mabega mapana. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Nikilivaa hili, Saumu, wanaume walikuwa wanasahau hatua."

Ukawa unanibana kiuno kwa pini, huku unaimba taratibu: *Nipishe nicheze, kesho nitachoka.* Nikakuuliza wimbo wa nani. Ukamaliza pini mbili nzima ndipo ukanijibu.

"Wangu. Nilitunga mwenyewe. Kiongozi wa bendi akasimama jukwaani akasema ni wake, na mimi nipo nyuma yake, nimeshika maikrofoni. Wenzangu wakaitikia, nami nikaitikia."

Kumbe ndiyo sababu uliacha bendi, ukahamia Moa ukashona nguo za watu. Hata Tatu ulikuwa hujamwambia. Uliniambia mimi, na wimbo ukanipa. "Uchukue, mwanangu. Ila useme umeutoa wapi." Hilo tu. Hukuomba jingine.

Ulipanda bodaboda hadi barabara kuu, ukapanda basi, ukaja Tanga kuniona narekodi. Hamadi alikuwa ameweka makofi ya kompyuta. Ukakunja uso. "Hiyo inalia kama kopo. Mkono wa mtu una nyama." Akakusogezea maikrofoni, ukavua bangili ukanipa nizishike, ukapiga mwenyewe tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Viganja vilikuwa vyekundu. Ulitoka mle ndani unatembea kama msichana. Sijawahi kukuona vile, shangazi, wala kabla wala baadaye.

Wiki ambayo singo ilitoka, redio moja ya mjini ikanialika. Ulikuwa umewaalika majirani kuja kusikiliza. Hilo nilikuwa nalijua, uliniambia mwenyewe. Wimbo ukapigwa, mtangazaji akawa anatikisa kichwa, kisha akauliza, "Kibwagizo hiki kinanata! Umekitoa wapi?"

Ningeweza kusema, shangazi. Jina lako lilikuwa mdomoni. Ila alikuwa ananitazama kwa macho ya kunistaajabia, na nikaona nikisema ni cha shangazi yangu, yale macho yatazimika, nitabaki mtu wa kuimba nyimbo za wenziwe. Nikasema, "Kilinijia tu, nikiwa bafuni naoga." Akacheka. Nami nikacheka.

Jioni yake ukapiga simu.

"Nimekusikia, mwanangu. Na wenzangu wote wamekusikia." Kisha ukasema, "Kumbe bafuni kwako kuna nyimbo."

Ulikuwa unanifungulia mlango. Hukunigombeza, hukununa, ulisema kwa utani ili nipate pa kuanzia. Na mimi nikacheka. Nikasema naitwa, tutaongea kesho. Kesho sikupiga. Ulipiga wewe, nikaitazama simu inalia mpaka ikanyamaza. Ukapiga tena Ijumaa. Watu walikuwa wananisimamisha mitaa ya Ngamiani wananiimbia kile kibwagizo, nami nikawa najiambia nitakwenda Moa mambo yakitulia.

Wiki ya tatu Tatu akanipigia. Presha. Ulianguka ukiwa unaanua nguo.

Siku ya mazishi nilikaa mkekani na kina mama, ndipo Bi Mwanasha, jirani yako, akaniambia bila ubaya wowote, "Shangazi yako alikupenda. Alitukusanya akatuambia wimbo kautunga yeye. Wewe uliposema redioni umeutunga mwenyewe, akasema, 'Nilikuwa nawatania. Mimi nimepiga makofi tu.' Basi tukawa tunamwita Bi Mtunzi, kila akipita."

Kila akipita! Wiki tatu, shangazi. Ulijifanya mwongo mbele ya watu uliozeeka nao, ili nisionekane mwongo mimi. Nilishindwa hata kulia. Niliona nikilia watu watanionea huruma, na huruma yenyewe ningekuwa nimeiiba.

Nilirudi mjini sikumwambia mtu. Hapo pia nilikosa. Nilingoja hadi jana. Baada ya dua, kina mama walipokuwa wananawa, nikasimama mlangoni nikawaambia. Nilisema wimbo ni wako, ulinipa, na ulinipa sharti moja, na sharti lile nililivunja kwa mdomo wangu. Nilisema hukuwatania. Nilisema nimeshika mwimo wa mlango.

Bi Mwanasha akajifunika uso kwa mtandio. "Mimi ndiye niliyeanza kumwita lile jina," akasema. Akaondoka bila kuniaga.

Tatu alinijibu leo, tukiwa tunaosha masufuria. "Mimi sina cha kukusamehe, Saumu. Uliyemkosea hayupo hapa." Hakusema kwa hasira. Akaendelea kusugua. Halafu akaingia ndani, akaniletea daftari lako lenye jalada la bluu. Nyimbo tisa, kwa mwandiko wako, nyingine umezifuta ukaandika upya. "Soma," akasema. "Sijasema uimbe."

Nimempigia Hamadi, ameanza kubadilisha: kila panapoonekana wimbo huu, mtunzi ataandikwa wewe. Mtangazaji nimemwomba nirudi hewani. Alisita, akasema watu wameshasahau swali lenyewe. Nikamwambia Moa hawajasahau. Amenikubalia Alhamisi, na Bi Mwanasha nitampelekea ujumbe, akipenda asikilize.

Naahidi hivi. Sitaimba hata neno moja la daftari hili mpaka Tatu aniruhusu kwa hiari yake, na asiponiruhusu maisha yangu yote, nitanyamaza. Na mtu akiniuliza kwa nini nilidanganya, sitatafuta maneno mazuri. Nitasema nilitaka sifa.

Buriani, shangazi yangu. Mungu akulaze pema. Nimewaambia majirani, nimemwambia Tatu, nimemwambia Hamadi. Wewe tu sikuwahi kukwambia, na simu ulinipigia. Nilisema uongo. Wimbo ni wako. Nisamehe.

Mwanao,
Saumu