Meli ya Doria Ndani ya Pipa la Maji

Rachida, mjukuu na mke mwenzangu, nakutegea kitendawili: mgeni hali wala halali kwetu, lakini tangu afike, wenyeji hatukanyagi uwanja wetu. Umeshamjua, maana umemtengeneza mwenyewe, urefu wa mkono, ukampaka rangi ya kijivu.

Wali uko chunguni. Maji ya pipani usinywe. Nimekwenda kuomba mengine kwa mama Haula.

Alfajiri nilikuwa natawadha. Kusukutua tu, mdomo mzima rangi na grisi. Nimetema mpaka machozi yakanitoka. Kumbe jana uliielesha meli yako humo, mwalimu mzima wewe. Maji yenye ladha ile hayafai hata udhu.

~~Nikirudi nisiikute humu ndani.~~ Iweke juu ya kabati uifunike, najua wanafunzi wako wanaisubiri. Pipa ulisugue kwa majivu, mara tatu.

Ila wewe unaichezea kwa rimoti na kucheka. Mimi namwona mgeni yule yule wa doria aliyetufukuza mwambani, mimi na mama Haula, vikapu vya chaza kichwani, eti pale sasa ni pa watu wa gesi.

Asubuhi uliniuliza kama uandike jina langu ubavuni mwake, nikakuhimiza uwahi shule. Basi nakujibu: hapana, mama. Hata askari wake walipotuuliza majina siku ile, la kwangu sikuwapa.

Bibi yako