Amana ya Kaburi la Mmarekani

Mutrah, Maskati
5 Disemba 1970

Mpendwa mdogo wangu Harub,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na mkeo Aliya, na kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi afya tunayo, alhamdulillahi, ila nyumba kimya tangu Mama atutoke.

Ile simu ya maandishi niliyokupelekea ya kifo haikuwa na nafasi ya maneno. Mama hakuteseka sana. Siku zake za mwisho hakuuliza habari za nyumba yetu wala vyombo tulivyoviacha Unguja. Aliuliza kaburi la Mmarekani.

Baba alipokuwa akitusimulia ulikuwa mdogo, pengine umesahau. Yule Mmarekani, Kapteni Witikomu, aliingia manowari angali mvulana, akianza kwa kusugua sitaha. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilimkuta luteni, vikamwachia mguu mbovu. Kisha wenzake wakapanda vyeo, yeye akawekwa kando miaka na miaka, maana kujipendekeza hakukujua. Alipopewa manowari yake mwenyewe kichwa kimeshajaa mvi, na safari hiyo ya kwanza ya ukapteni ndiyo iliyomleta Unguja. Homa ikamshika. Babu yetu mkuu, aliyekuwa mkalimani wake, alimuuguza nyumbani kwetu mpaka mwisho. Kapteni alisikitika jambo moja tu: hana mtoto, na hapana wa kwao atakayelifikia kaburi lake. Mabaharia wake walimzika, wakang'oa nanga.

Babu akaipokea amana ya kulitunza. Watu walimsema sana, Muislamu na kaburi la Mnasara wapi na wapi. Akawajibu kuwa mgeni wake ni mgeni wake hata akifa. Tokea hapo kila Idi wanaume wa nyumba yetu walikwenda kulifagia na kulimwagia maji, mpaka tulipotawanyika mwaka wa sitini na nne, sisi tukaondoka, wewe ukabaki Unguja.

Mama alinishika mkono akasema, "Thabit, nani anamfagilia yule maskini? Mwambie Harub."

Tulimzika hapa Maskati, mahali ambapo hatuna jamaa hata mmoja aliyelala. Haukupita muda kazi ya serikali ikanipeleka Sohar, nikarudi mkesha wa Idi. Roho iliniuma, Harub. Nilijua juu ya kaburi la Mama nitakuta mchanga na mavi ya mbuzi.

Baada ya sala nikaenda. Kaburi nililikuta limefagiwa, mawe yamepangwa, udongo bado umerowa. Mzee mmoja, Ghanim, alikuwa hapo na ndoo yake, amekuja kwenye kaburi la mkewe. Kwa Kiarabu changu cha kuungaunga nikamuuliza alimjuaje Mama. Akasema hakumjua.

"Nimesikia ni mgeni," akaniambia. "Nikaona hana mtu."

Nililia mbele yake bila ya haya.

Hamdiya na watoto wanakusalimu. Nisalimie Shangazi Kheiria, mbusie mikono. Mungu akulinde na kila shari, na siku moja atukutanishe.

Idi kubwa haiko mbali, mdogo wangu. Wa kwetu ameshafagiliwa. Chukua ufagio.

Nduguyo akupendaye hata huku mbali,
Thabit bin Muslim